Huber, Hoover, Guber: safari za jina la mkulima wa Kijerumani

Katika kazi yangu ya kufuatilia nasaba za Wajerumani, swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Sisi tunaandika jina letu hivi, lakini kwenye hati za babu limeandikwa vile. Nani alilibadilisha?" Anayeuliza huwa na jibu lake tayari. Atakwambia ni karani wa bandarini kule Amerika, aliyesikia vibaya akaandika alivyojua. Hadithi hiyo imewapoteza watu wengi, maana ukishaiamini unaacha kutafuta pale palipo na majibu. Leo nitalichukua jina moja, Huber, nilifuate kuanzia shambani lilikozaliwa hadi lilikofika, tuone jina la ukoo hubadilika vipi hasa.

Huber ni jina la ardhi. Katika Zama za Kati, nchi za Kijerumani ziligawanywa katika mashamba yaliyoitwa Hube upande wa kusini na Hufe upande wa kaskazini. Hilo lilikuwa shamba ambalo familia moja ingeweza kulilima na wanyama wake wa kukokota plau, ikala, ikabakiza cha kumlipa bwana mwenye ardhi. Ukubwa wake ulitofautiana kwa nchi na kwa rutuba: mara nyingi hekta 7 hadi 15, kwingine zaidi sana. Aliyelishika shamba hilo aliitwa Huber.

Huko Bavaria mambo yalipangwa kwa ngazi, kwa sababu kodi ilitozwa kwa kipimo cha shamba. Shamba zima lilikuwa la Maier. Nusu yake ilikuwa ya Huber. Robo ilikuwa ya Lehner. Thumni na vipande vidogo chini yake vilikuwa vya Söldner, watu wa kibanda na bustani ambao iliwabidi kufanya vibarua ili wapate kula. Ukisoma orodha ya kodi ya kijiji cha zamani cha Bavaria unaona majina haya yamepangana kama ngazi, kutoka juu hadi chini, na hata bila kujua kitu kingine unajua nani alikuwa na ng'ombe wengi na nani alikwenda kuomba kazi kwa nani. Mimi hupenda sana orodha hizo, maana mle watu wadogo wanaonekana kuliko mahali pengine popote.

Sasa, vijiji vya namna hiyo vilikuwa maelfu, na karibu kila kimoja kilikuwa na mtu wa Hube. Majina ya ukoo yalipoanza kushikamana na watu, kati ya karne ya 12 na ya 15, mijini kwanza na mashambani baadaye, jina Huber lilizuka mahali pengi kwa wakati mmoja. Hakuna Huber wa kwanza. Hakuna babu mmoja wa Wahuber wote, wala ngome yao, wala nembo yao, hata kama kuna maduka ya mtandaoni yatakayokuuzia hiyo nembo ikiwa imechapwa kwenye kikombe. Leo jina hili ni la pili kwa wingi nchini Austria baada ya Gruber, limejaa Bavaria, na ni miongoni mwa majina makubwa ya Uswisi inayosema Kijerumani. Ukielekea Saxony, Silesia na Bohemia, mtu wa shamba lilelile anaitwa Hübner. Mzizi ni mmoja, koo ni mbalimbali.

Kuna jambo linalowatatiza zaidi wageni wa kumbukumbu hizi. Kusini, hasa Bavaria na Austria, na pia Westphalia upande wa kaskazini-magharibi, shamba lenyewe lilikuwa na jina, na jina la shamba lilikuwa na nguvu kuliko jina la mtu. Mwanamume akioa mjane au binti mrithi akahamia kwenye shamba la mke, majirani walimwita kwa jina la shamba hilo, na mara nyingi padri naye aliandika vivyo hivyo. Mtu amebatizwa kwa jina moja, amefunga ndoa kwa jina hilohilo, halafu watoto wake wote wanabatizwa kwa jina jingine. Asiyejua atasema hawa ni watu wawili. Hati za mauzo na urithi wa shamba ndizo zinazokuonyesha kuwa ni mtu yuleyule.

Daftari la kanisa lina mitego yake pia. Chukua ukurasa wa ubatizo wa miaka ya 1720. Maandishi ni Kurrent, mwandiko wa Kijerumani ambao herufi "e" na "n" zinakaribia kufanana kabisa. Herufi "u" huwekewa kipinde kidogo juu yake ili isichanganywe na "n". Kipinde hicho kikivutwa kwa haraka kinaonekana kama nukta mbili, na Huber anasomeka Hüber. Kisha unakuta "Huberin". Huyo si wa ukoo mwingine. Ni mwanamke wa ukoo wa Huber, kwa sababu hadi karne ya 18, na kwingine hata baada ya hapo, jina la ukoo la mwanamke liliongezewa "-in" mwishoni. Nimewaona watu wakijenga tawi zima la ukoo juu ya "Huberin" mmoja. Na usishangae ndugu watano wote wakiitwa Johann: Johann Georg, Johann Jakob, Johann Andreas. Jina la pili ndilo alilokuwa akiitwa mtu nyumbani. Ukimtafuta "Johann Huber" peke yake, utawapata wengi na hutajua wako ni yupi.

Tuje kwenye safari. Vita vya Miaka Thelathini, kati ya 1618 na 1648, viliiacha Palatinate, yaani nchi ya Pfalz kando ya mto Rhine, ikiwa na mashamba matupu na vijiji vilivyoteketea. Watawala waliokuwa wakitafuta wakulima walifungua milango, na Waswisi wengi wakashuka huko. Wengine walikuwa Waanabaptisti, Wakristo waliobatiza watu wazima tu, waliokuwa wakisumbuliwa kwao kwa imani yao, wengine walitafuta ardhi tu. Baadaye majeshi ya Louis XIV wa Ufaransa yaliichoma tena nchi hiyo katika vita vilivyoanza 1688. Ukaja msimu wa baridi kali wa 1708 na 1709 ulioua mizabibu. Mwaka 1709 peke yake, watu wapatao 13,000 kutoka Pfalz na majirani zake walishuka mto hadi London wakitumaini kupelekwa Amerika. Familia ya Huber ninayotaka kuifuata imepita njia hii: asili yake ni Aargau nchini Uswisi, kisha kijiji cha Ellerstadt huko Pfalz, ambako Andreas Huber alizaliwa mwaka 1723.

Andreas alifika Philadelphia mwaka 1738, akiwa kijana mdogo. Njia yenyewe ilikuwa ya mateso. Gottlieb Mittelberger, mpiga kinanda aliyesafiri mwaka 1750, alihesabu vituo 36 vya ushuru kwenye mto kati ya Heilbronn na Uholanzi, na kwenye kila kimoja boti zilisimamishwa hadi maofisa waridhike. Kutoka mlangoni kwako hadi kufika Philadelphia ilikuwa safari ya kama nusu mwaka. Pesa ziliishia njiani. Walioshindwa kulipa nauli waliuza miaka yao ya kazi: meli ikitia nanga, matajiri walipanda, wakachagua watu, wakamlipa nahodha, na familia ikagawanywa. Watoto walifanya kazi hadi wafikie miaka 21.

Na karani? Alikuwapo. Tangu 1727 serikali ya Pennsylvania iliwataka wanaume wa kigeni, wa miaka 16 na kuendelea, kula kiapo cha utii kwa mfalme wa Uingereza. Orodha hizo zimehifadhiwa, na ni hazina. Kwa meli nyingi kuna orodha ya nahodha, iliyoandikwa na Mwingereza kwa kusikia, na kuna orodha ya kiapo, ambayo mtu alijitilia sahihi mwenyewe kama alijua kuandika. Ziweke mbili hizo kando kwa kando. Upande mmoja mwandiko wa Kiingereza umeandika Hoober, Hover, Huver. Upande wa pili mkono wa mkulima mwenyewe umeandika Huber, kwa Kurrent safi. Asiyejua kuandika aliweka alama, na karani akaandika jina lake pembeni.

Sasa sikiliza jina lenyewe. Katika lahaja ya Pfalz, "b" iliyo kati ya irabu mbili haitamkwi "b". Midomo haifungwi sawasawa, na sauti inatoka karibu na "v" au "w". Mtu wa Ellerstadt akijitaja alisema "Huwer". Mwingereza aliyesikia "Huwer" na kuandika "Hoover" amesikia sawasawa kabisa, kwa sababu "oo" ya Kiingereza ni "u" yetu. Kwa maneno mengine, Hoover inatunza matamshi ya kijijini vizuri kuliko Huber ya kwenye daftari la mchungaji, aliyefundishwa tahajia ya shuleni. Ndiyo maana siwezi kumlaumu yule karani.

Hata hivyo hakuna aliyetoka bandarini akiwa Hoover rasmi. Orodha ile haikuwa cheti cha jina. Mtu alirudi nyumbani kwake, akaendelea kuwa Huber kanisani kwa Wajerumani wenzake, akawa Hoover au Hover kwenye hati ya ardhi na kwa jirani Mwingereza, kwa miaka mingi, majina yote mawili yakitembea pamoja. Kilichoamua ni mahali familia ilipokwenda kuishi. Waliobaki kati ya Wajerumani wa Lancaster, huko Pennsylvania, wengi waliendelea kuandika Huber hadi leo. Ukoo wa Andreas ulikwenda kusini, hatimaye North Carolina karibu na mto Uwharrie, wakawa Wakweka, kundi la Kikristo lililosali kwa Kiingereza, na hapo tahajia ya Kiingereza ikashinda. Wakweka walikataa utumwa, na mapema karne ya 19 wengi waliihama Kusini kwa sababu hiyo. Wahoover hawa walihamia Ohio mwaka 1802, na katika miaka ya 1850 wakaenda Iowa, kijiji cha West Branch. Huko ndiko alikozaliwa Herbert Hoover tarehe 10 Agosti 1874, akawa rais wa Marekani kuanzia 1929 hadi 1933.

J. Edgar Hoover, aliyeliongoza shirika la upelelezi la FBI hadi alipofariki mwaka 1972, si wa ukoo huo. Hoover wa mashine za kufagilia, William Henry, alikuwa mtu wa New Berlin huko Ohio, mji ambao mwaka 1918, chuki dhidi ya Wajerumani ilipopamba moto, ulijibadilisha jina ukawa North Canton. Wahuber wengi walivuka bahari, kwa nyakati tofauti, kutoka vijiji tofauti, na lahaja na jirani Mwingereza viliwafikisha wengi wao kwenye tahajia moja.

Waliokuja baadaye kupitia Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji kilichofunguliwa New York mwaka 1892, mambo yao yalikuwa tofauti. Maofisa wa pale hawakuandika majina upya. Walikuwa na orodha iliyokwisha kuandikwa na kampuni ya meli kule Hamburg au Bremen, wakaikagua wakiwa na wakalimani. Mtu aliyeingia Huber akafa Hoover alilibadilisha mwenyewe, mara nyingi kwa ajili ya kazi, au ili watoto wasisumbuliwe shuleni wakati wa vita.

Tawi la mashariki linanigusa zaidi. Tarehe 22 Julai 1763 Malkia Catherine wa Pili wa Urusi, mwenyewe Mjerumani kwa kuzaliwa, alitangaza kuwapa wageni ardhi, uhuru wa dini na msamaha wa jeshi. Maelfu wakaenda mto Volga. Kirusi hakina sauti "h" ya Kijerumani, na kwa desturi yake kiliiandika kwa herufi ya "g". Huber akawa Guber. Mmoja wao, Eduard Guber, mtoto wa mchungaji aliyezaliwa kwenye makoloni ya Volga mwaka 1814, ndiye aliyechapisha Faust, tamthilia ya Mjerumani Goethe, kwa Kirusi mwaka 1838. Kisha ikaja amri ya 28 Agosti 1941: Wajerumani wote wa Volga wapelekwe Siberia na Kazakhstan. Walipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo, na wengi hawakurudi. Wajukuu zao waliohamia Ujerumani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 waliruhusiwa kisheria kurudisha jina kwenye umbo la Kijerumani. Ndiyo sababu leo unaweza kukuta ndugu wawili wa tumbo moja, aliye Ujerumani akiitwa Huber na aliyebaki Kazakhstan akiitwa Guber, wote wawili wakiwa na hati halali.

Ukiniandikia kuhusu jina lako la Kijerumani, basi, usianze na tahajia. Niambie kijiji. Kama hukijui kijiji, niambie dini, maana dini ndiyo inayoamua daftari liko wapi. Mkatoliki wa Passau au wa Austria ya Juu yumo kwenye tovuti ya Matricula, unasoma kurasa zenyewe bila malipo. Mprotestanti wa Pfalz yumo kwenye tovuti ya Archion, kwa ada. Aliyepanda meli Hamburg kati ya 1850 na 1934 huenda yumo kwenye orodha za bandari hiyo, ambazo kwa bahati zilihifadhiwa na mara nyingi zinataja alikotoka. Aliyepanda Bremen tutamtafuta upande wa Amerika, kwa sababu orodha nyingi za Bremen ziliharibiwa na makarani wenyewe kwa kukosa nafasi ya kuziweka. Na ukishakipata kijiji, soma kila mwenye jina linalofanana katika daftari zima, wenye "b" na wenye "v", wenye "-in" na wasio nayo, ndipo uanze kuwaunganisha baba na mwana.