Asili ya neno "saba" na habari ya fungate

Katika kazi yangu ya kuchunguza asili ya maneno, hakuna dai ninalolisikia mara nyingi kama hili, kwamba Kiswahili kilikopa maneno ya Kiarabu kwa kuwa hakikuwa na yake. Neno saba linatosha kulipinga. Limetokana na sab'a ya Kiarabu, likaacha njiani sauti ya ain, itamkwayo kooni, ambayo Kiswahili hakina, lakini halikukuta nafasi tupu: Waswahili walikuwa na neno lao la Kibantu, fungate, kama walivyokuwa na tandatu kwa sita na kenda kwa tisa. Lugha ndugu zinashuhudia, kwani Wakikuyu na Wakamba husema kenda hadi leo, na Kingazidja cha Komoro huhesabu sita hadi tisa hivi: ndradaru, mfukare, nane, shenda.

Umbo la neno nalo lina la kutueleza. Kiarabu kina sab' na sab'a, na hili la pili ndilo litumikalo mtu anapohesabu tu, bila kutaja kinachohesabiwa. Kwa kuwa sita, saba na tisa zote zimekuja kwa umbo hilo, naona kwamba zilipokewa kwa masikio, kutoka kwa watu waliokuwa wakihesabu kwa sauti bandarini, sokoni na madrasani, mahali ambapo Mswahili na Mwarabu walilazimika kuafikiana juu ya idadi ileile.

Nane ilibaki. Bado inafuata upatanisho kama nne, ambayo ndiyo asili yake: twasema watoto wanne na watoto wanane, ilhali watoto saba hawabadiliki. Ingawa themanini ni Kiarabu kitupu, nane yenyewe ni ya Kibantu, na ndiyo maana Tanzania ina sikukuu ya Sabasaba (7 Julai) yenye asili ya Kiarabu na ya Nanenane (8 Agosti) ya Kibantu, mwezi mmoja tu baadaye.

Fungate yenyewe haikufa, bali ilijificha katika ndoa. Ilikuwa jina la siku saba ambazo bwana na bibi harusi hukaa ndani wakihudumiwa, na kwa kuwa hesabu ilikwisha kuhamia kwenye saba, wasemaji wengi hawaisikii tena idadi iliyomo, hata leo tunazungumza kwa ufasaha kabisa juu ya fungate ya siku tatu au ya wiki mbili.