Kilo ngapi zinatosha? Uzito wa mimba na rangi ya ngozi Marekani

Mama mmoja alikaa mbele yangu akiwa na mimba ya wiki 28. Alitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, Kigoma, akafikia mji huu wa Kentucky ambako mimi ni mtaalamu wa lishe. Kwenye faili lake, kliniki aliyoanzia ilikuwa imeandika kwamba ameongeza kilo 3, na kwamba wembamba ni maumbile ya wanawake wa kwao. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Nikamwomba karatasi za uchunguzi wa afya alizofanyiwa kabla ya safari. Alikuwa nazo kwenye mkoba, zimekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Kabla ya mimba alikuwa na kilo 51. Kliniki ilimpima kwa mara ya kwanza wiki ya 16, baada ya miezi ya kutapika, akiwa na kilo 48, ikahesabu kuanzia hapo. Siku hiyo mzani wangu ulisoma 51. Hakuwa ameongeza kilo 3. Hakuwa ameongeza hata moja.

Mwanamke mwenye uzito wa kawaida kabla ya mimba, kwa urefu wake, anatarajiwa kuongeza kilo 11.5 hadi 16 mpaka kujifungua. Aliyeanza akiwa mwembamba mno, 12.5 hadi 18. Mnene kiasi, 7 hadi 11.5, mnene sana, 5 hadi 9. Ni mwongozo wa mwaka 2009 wa Taasisi ya Tiba ya Marekani, na ndio unaotumika kliniki nyingi hapa. Miezi mitatu ya kwanza ni kilo mbili tu au chini yake, kisha kwa mwenye uzito wa kawaida karibu nusu kilo kila wiki. Kwa hesabu hiyo mama yule alipaswa kuwa na nyongeza ya kilo 7 au 8.

Watu hudhani kilo hizo zote ni mafuta. Mtoto mwenyewe ni kilo 3 na kitu. Kondo la nyuma, maji ya uzazi, mji wa mimba uliotanuka, matiti, damu iliyoongezeka kwa zaidi ya lita moja na majimaji mengine ya mwili, vyote vina uzito wake. Mafuta ni kama kilo 3, akiba ya kunyonyesha.

Sasa nije kwenye rangi. Mwongozo uliotangulia, wa mwaka 1990, uliwashauri wanawake Weusi walenge juu ya kiwango, yaani wakaribie kilo za mwisho, kwa sababu watoto wao walizaliwa wadogo zaidi. Mwongozo wa 2009 uliondoa ushauri huo, na naona ulifanya vizuri. Lakini fikra iliyouzaa haikuondoka vichwani mwa watu. Bado namba za Marekani zinaonyesha kwamba wanawake Weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini hupungukiwa uzito wa mimba mara nyingi kuliko weupe, na weupe ndio huelekea zaidi kuzidisha. Hapo wahudumu wengi husema ndivyo walivyoumbwa.

Utafiti ninaourudia kila ninapofundisha wauguzi ni ule wa Illinois uliochapishwa mwaka 1997. Watafiti walilinganisha watoto waliozaliwa jimboni humo kati ya 1980 na 1995. Watoto wa mama weupe waliozaliwa Marekani walikuwa na wastani wa gramu 3,446. Wa mama Weusi waliozaliwa Marekani, gramu 3,089. Na wa mama waliozaliwa Afrika? Gramu 3,333, karibu zaidi na weupe kuliko na Weusi wenzao wa Marekani. Kama ingekuwa damu, mama aliyetoka Afrika moja kwa moja ndiye angepaswa kuwa na mtoto mdogo kuliko wote. Watafiti haohao baadaye wakafuata kizazi kilichofuata: mabinti wa wahamiaji, waliozaliwa hapa, wakapata watoto wenye wastani mdogo kuliko wao wenyewe walipozaliwa. Huwa nanyamaza kidogo nikifika hapo, maana nina binti.

Kuna ushahidi mwingine ulio karibu nasi zaidi. Mradi wa INTERGROWTH-21st ulifuatilia wajawazito wenye afya, walioshiba na wenye huduma nzuri, katika maeneo manane, yakiwemo Parklands ya Nairobi, Muscat na Seattle. Watoto walikua tumboni kwa namna inayofanana sana. Tofauti kati ya maeneo zilieleza chini ya asilimia 4 ya tofauti zote za urefu wa watoto. Sisemi mjadala umeisha. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika nchi kumi, Kongo ikiwamo, ulikuta watoto wa nchi mbalimbali wakitofautiana ukubwa. Ila sijaona hata utafiti mmoja unaomruhusu mhudumu kuacha kuuliza mama anakula nini.

Kwa hiyo nikauliza. Alikuwa akifanya zamu ya usiku kwenye ghala, anarudi asubuhi, anawapeleka wanawe shule, analala kwa saa nne. Mlo ni mmoja, jioni, fufu na sombe (kisamvu) ikipatikana. Maziwa ya hapa yalimchefua. Na mwishoni, kwa sauti ya chini: "Dada, mtoto akikuwa mukubwa watanipasula."

Hofu hiyo naisikia tangu Kigoma. Mama anajinyima ili mtoto awe mdogo, apite kirahisi. Hapa karibu mzazi mmoja kati ya watatu hujifungua kwa upasuaji, kwa hiyo siwezi kumwambia anaogopa kivuli. Nilimweleza kwamba kujinyima humpunguzia mtoto akiba na kumwongezea hatari ya kuzaliwa njiti, na hakumhakikishii mama kuwa atakwepa kisu. Kisha tukaongea chakula, siyo vidonge wala vitabu: karanga za kusaga kwenye uji anapotoka kazini, mayai mawili, maharage yaliyopikwa Jumapili yakagandishwa, ndagaa. Nikamwandikisha WIC, mpango wa serikali ulioanza kwa majaribio mwaka 1972, unaowapa wajawazito wa kipato kidogo mayai, maziwa, maharage na nafaka. Kwa kawaida hawaulizi karatasi za uhamiaji, ingawa wengi wetu hukaa mbali wakidhani huulizwa. Daktari akampima damu, ilikuwa pungufu.

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili. Soda, juisi, gari kila mahali, na kilo 20 kabla ya mwezi wa nane. Uchambuzi wa mwaka 2017 wa mimba zaidi ya milioni 1.3 ulikuta asilimia 47 wamezidisha na 23 wamepungukiwa. Kuzidisha kuna kisukari cha mimba na watoto wakubwa kupita kiasi. Hilo nitaliandikia siku yake.

Wiki ya 36 mama yule alikuwa na kilo 57. Bado pungufu, lakini mstari kwenye kadi ulikuwa unapanda. Ukija kliniki hapa, njoo na karatasi yoyote yenye uzito wako wa kabla ya mimba, hata kama imechakaa, na uiweke mezani kabla hujapanda mzani.