Rangi ya waridi kwenye picha ya kiharusi haitoshi kutangaza kifo

Mgonjwa wa kiharusi akipigwa picha, swali la kwanza ninaloulizwa ni hili: "Ubongo umekufa kiasi gani?" Namba ninayo, tena kwa mililita, ila siitoi kabla sijauliza dalili zilianza saa ngapi.

Bonge la damu likiziba mshipa, ubongo unaotegemea mshipa huo haufi wote kwa mkupuo. Kuna kiini kilichokwisha kufa. Kukizunguka, seli zimezimia tu: mkono umelegea, maneno hayatoki, lakini seli zenyewe bado hai kwa damu kidogo inayopenya njia za panya, yaani vile vimishipa vya pembeni. Eneo hilo tunaliita penumbra, na ndilo tunalolipigania.

Kwenye CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) ya mtiririko wa damu, mgonjwa hudungwa dawa ya kuonyesha mishipa, na mashine hupiga picha mfululizo dawa ikiingia ubongoni na kutoka. Programu ninayotumia hupaka waridi penye mtiririko usiofikia asilimia 30 ya ule wa upande wa ubongo usiodhurika: hicho huhesabiwa kiini. Penye damu inayochelewa kufika kwa zaidi ya sekunde 6 hupaka kijani: hapo ndipo penumbra inapokisiwa. Hesabu hii ilitumika katika utafiti wa DEFUSE 3 uliochapishwa 2018. Walichukuliwa wagonjwa waliofikisha kati ya saa 6 na 16 tangu dalili zianze, kiini kikiwa chini ya mililita 70. Kati ya waliotolewa bonge kwa mrija, asilimia 45 walikuwa wanajitegemea baada ya siku 90. Kati ya waliopewa dawa peke yake, 17.

Ni ushindi mkubwa, lakini tusisahau kwamba kipimo hiki kinaona damu. Kifo kinakikisia. Mgonjwa akifika mapema sana na mshipa ukazibuliwa haraka, sehemu ya waridi inaweza kuonekana nzima kabisa kwenye MRI (picha ya sumaku) ya kesho yake. Kinyume chake pia hutokea: bonge limesogea lenyewe kabla ya picha, damu imerudi, ramani ni safi, kumbe tishu ilishakufa zamani. Ndiyo maana siachi kutazama CT ya kawaida, isiyo na dawa, na kuipa alama za ASPECTS, kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 10 ni ubongo usioonyesha dosari.

Hata alama mbaya si hukumu. Katika utafiti wa RESCUE-Japan LIMIT wa 2022, wagonjwa walikuwa na alama 3 hadi 5. Waliotolewa bonge, asilimia 31 waliweza kutembea bila kushikwa, wasiotolewa, 12.7, ingawa kuvuja damu ubongoni kuliongezeka.

Baada ya matibabu nako kuna mtego. Weupe kwenye CT ya papo hapo waweza kuwa damu iliyovuja, au dawa ya picha tu iliyopenya kwenye tishu. Mara nyingi ya pili hufifia ndani ya siku moja au mbili, basi tunarudia picha. Kwenye ripoti zangu, mstari wa kwanza ni saa: dalili zilipoanza, picha ilipopigwa, mshipa ulipofunguka. Mililita huja baadaye.