Kwaresima: toba ianzie pale penye jeraha

Kila Jumatano ya Majivu ikishapita, maswali ninayoletewa na wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, huwa ya tumbo. Padri, chai ya asubuhi yaruhusiwa? Samaki naye ni nyama? Nawajibu, maana kuutia mwili adabu kuna faida yake. Ila hapa kisiwani Unguja, tulipozoea kula samaki, kuacha nyama siku ya Ijumaa hakumgharimu mtu kitu. Nabii Yoeli alitaka zaidi: "Rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu."

Nikifundisha toba, huwapeleka Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe. Soko la watumwa lilikuwa pale hadi mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga. Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa, ambalo ujenzi wake ulisimamiwa na mmisionari Edward Steere. Kwa mapokeo yetu, madhabahu imesimama pale pale ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa, na duara la marumaru sakafuni laonyesha mahali penyewe. Wangeweza kutafuta kiwanja kisicho na historia, wakajenga kwa raha. Hawakufanya hivyo.

Sisi wengi tunaomba kando ya dhambi zetu. Mtu amemdhulumu nduguye shamba la urithi, naye katika Kwaresima anatubu uvivu wa kusali. Mwingine hasemi na mama yake mzazi, lakini hakosi Njia ya Msalaba hata Ijumaa moja. Kusali ni kwema, tena kwema sana, ila jeraha liko kwengine na halijaguswa. Kwa hiyo nawaomba watu jioni wakae kimya, wajiulize swali moja tu: ni wapi nisipotaka Mungu apatazame? Jibu likija, mara nyingi huja na jina la mtu. Basi sala ianzie hapo. Bwana wetu mwenyewe alisema tuiache sadaka mbele ya madhabahu, twende kwanza tukapatane.

Kuna jambo jengine ambalo watu hulipita haraka. Soko lilifungwa 1873, lakini hali ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja na Pemba mpaka 1897. Miaka 24 soko limefungwa, na huko mashambani kwenye mikarafuu mtu bado ni mali ya mtu! Nayaona hayo katika mioyo pia. Mtu anaacha pombe siku 40, anaihesabu kila siku iliyobaki, na Jumatatu ya Pasaka anairudia kwa kiu maradufu. Tendo limesimama, tamaa imebaki na mamlaka yake yote. Ndiyo maana simwulizi mtu ameacha nini kabla sijamwuliza anaomba nini.

Miaka hii Kwaresima yetu imekutana na Ramadhani. Mwaka 2026 zote mbili zilianza katika juma moja la Februari. Mkristo wa Zanzibar huona haya kula hadharani majirani wamefunga, na heshima hiyo ni njema. Lakini kujizuia kwa kuwaonea watu haya bado si saumu. Wala tusipimane nao nani anateseka zaidi, kwani Yesu alituagiza tufungapo tunawe uso na kujipaka mafuta. Kile ulichojinyima mchana kinaweza kabisa kuwa tende na uji wa futari kwa jirani mwenye watoto wengi. Sadaka haiulizi dini.

Na anayetaka kuungama asingoje Juma Kuu. Siku zile foleni ni ndefu, mapadri tumechoka, na mtu huishia kusema mawili matatu akaondoka. Njooni juma la pili au la tatu, jioni, tupate nafasi ya kuzungumza. Ukitoka hapo utakuwa bado na siku za kutosha kwenda kwa yule uliyemkosea, hata kama yuko Wete, kule Pemba, na inabidi usubiri boti.