Mabua, jua na hewa zinazotoka shambani: tunayoambiana Muheza na ukweli wake

Ukifika msimu wa kusafisha mashamba huku Muheza ni moshi kila upande, na ukiuliza unaambiwa mabua yanaleta wadudu, heri tuchome tubaki na majivu, kwani majivu si mbolea? Hapo kuna nusu ukweli. Majivu yana potasiamu na fosforasi, sawa, lakini naitrojeni ambayo ndo mahindi yanaililia sehemu kubwa inapaa na moshi, na moshi huohuo umebeba hewa ukaa, methani na naitrasi oksaidi, hewa zinazopasha joto dunia. Hiyo ya mwisho msiichukulie poa jamani, kilo moja yake inapasha joto dunia karibu mara 273 ya kilo moja ya hewa ukaa ukipima kwa miaka 100.

Wengine wanasema basi tuyaache tu juani, yakishakauka hayatoi kitu. Sio kweli. Okota bua lililolala shambani tangu vuli uliangalie vizuri, upande wa juu umepauka, ukilikunja linakatika kaa! upande wa chini mweusi, una unyevu na ukungu na mchwa wameshaanza. Kote linaliwa. Chini wanakula vijidudu, wale wadogo wasioonekana kwa macho, juu ni jua lenyewe, mwanga wake hasa ile miale mikali ya UV unavunjavunja lignini, yaani kile kinacholifanya bua liwe gumu, na hewa ukaa inatoka hapohapo bila mdudu kugusa, halafu mvua ikija vijidudu wanakuta kazi imerahisishwa. Kule Patagonia, Argentina, eneo kame, utafiti uliotoka 2006 ulionyesha majani makavu yakikingwa na jua kuoza kunapungua kwa asilimia 60. Tanga kuna unyevu zaidi kwahiyo vijidudu wetu wana nafasi kubwa kuliko huko, ila kiangazi jua linafanya yake.

Na udongo mkavu usidhani umekufa. Birch, mtafiti aliyekuwa Muguga, Kenya, alieleza miaka ya 1950 jinsi udongo uliokauka unavyofumuka hewa ukaa ukilowa tu.

Kingine, masalia hayafanani. Mabua ya mahindi yana naitrojeni kidogo, vijidudu wanaichukua ya udongoni na mahindi machanga yanapata unjano. Majani ya kunde yana naitrojeni nyingi, ukiyafukia shamba likiwa chepechepe na hamna mmea wa kuinyonya, naitrasi oksaidi inapanda. Mimi ningesema tandaza mabua, kunde changanya humo, na upande mapema mizizi iwahi.

Wa mpunga kule Mombo hesabu yenu ni nyingine kabisa, majani ya mpunga yakifukiwa halafu maji yakajazwa jarubani muda huohuo methani inatoka nyingi sana, yageuzeni ardhini zaidi ya siku 30 kabla ya kuanza msimu wa mpunga yaozee pakavu.