Panthéon ya Paris na madirisha yake yaliyozibwa

Ukifika Panthéon, jengo la Paris walimozikwa watu wakuu wa Ufaransa, usikimbilie mlangoni. Izunguke kwanza. Kwenye kuta za ubavuni, ambazo kwa mbali huonekana tupu, utaona alama za madirisha makubwa yaliyojazwa mawe. Mimi, kama msanifu majengo, hulisoma jengo hili kuanzia hapo, maana asiyezijua alama hizo atamlaumu mjenzi kwa kiza ambacho hakukitaka.

Lilianza kwa nadhiri. Mwaka 1744 mfalme Louis XV aliugua sana akiwa Metz, mji wa mashariki mwa Ufaransa, akaahidi kwamba akipona atalijenga upya kanisa la Mtakatifu Genoveva, msimamizi wa Paris. Mwaka 1755 kazi ikapewa msanifu Jacques-Germain Soufflot. Kilima cha kujengea kilikuwa kimejaa mashimo ya wafinyanzi wa enzi za Warumi waliochimba udongo, hivyo misingi ilikula miaka. Mfalme aliweka jiwe la msingi mwaka 1764.

Soufflot aliyapenda makanisa ya Kigothi, yale marefu ya Ulaya ya zama za kati, wakati wenzake wengi wakiyadharau. Alichopenda ni wepesi wake: mawe machache kubeba paa refu, na nuru kupenya katikati. Akataka wepesi huo ukae ndani ya umbo la Kigiriki: msalaba wenye mikono inayokaribiana kwa urefu, baraza la mbele lenye nguzo 22 za Kikorintho (zenye majani yaliyochongwa vichwani), na kuba inayofika mita 83. Matao ya kuegemeza, yanayozuia kuta zisisukumwe nje, yapo kama ya Kigothi, ila ameyaficha nyuma ya kuta. Ukiwa barabarani huyaoni.

Kuba ndiyo inayonistaajabisha kuliko yote. Ni tatu, moja ndani ya nyingine, zote za mawe. Ya ndani ina tundu katikati, na kupitia tundu hilo unaona mchoro wa mchoraji Gros kwenye kuba ya pili. Ya tatu, iliyofunikwa kwa mabati ya madini ya risasi, ndiyo inayoonekana mjini.

Mzigo huo wote aliutua juu ya nguzo nne nyembamba. Mwaka 1770 msanifu mwenzake Pierre Patte alitangaza hadharani kwamba hazitoshi, na nyufa zikaja kutokea kweli. Soufflot alifariki mwaka 1780 kazi haijaisha. Msanifu Jean-Baptiste Rondelet aliikamilisha mwaka 1790, na baadaye akazinenepesha nguzo hizo. Hatari nyingine ilikuwa vyuma vilivyopachikwa ndani ya mawe. Aliyejenga kwa nondo karibu na bahari anajua: chuma kikishika kutu huvimba, kikapasua kinachokizunguka. Miaka ya 1980 vipande vya mawe vikaanza kudondoka.

Mirabeau, kiongozi wa Mapinduzi ya Ufaransa, alipofariki mwaka 1791, Bunge la Mapinduzi liliamua kanisa liwe kaburi la watu wakuu wa taifa. Quatremère de Quincy, aliyekabidhiwa kazi ya kuligeuza, akayaziba madirisha ya chini ili ndani pawe na ukimya wa makaburini, na tangu hapo nuru hutoka juu tu. Watawala waliofuata walilirudisha kuwa kanisa, wakaligeuza tena, hadi maziko ya mwandishi Victor Hugo mwaka 1885 yalipokata shauri kwamba libaki kaburi la taifa. Madirisha yakabaki yamezibwa.

Mirabeau mwenyewe alitolewa mwaka 1794, baada ya siri zake na mfalme Louis XVI kufichuka. Félix Éboué, gavana wa Chad aliyemuunga mkono mwaka 1940 jenerali de Gaulle, kiongozi wa Wafaransa waliokataa kujisalimisha kwa Wajerumani, alizikwa humo mwaka 1949, mtu Mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Soufflot naye yumo: mabaki yake yalihamishiwa huko mwaka 1829.