Helikopta ya kujijengea: njia ya nguvu kutoka injini hadi rota

Anayeanza kuchora helikopta yake mwenyewe huwaza kwanza mapanga: umbo, upana, pembe. Mapanga yana umuhimu wake, lakini michoro mingi huharibika kati ya injini na rota. Huko kila kipimo kinatawaliwa na msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, na msokoto hupanda kadiri unavyoshusha mizunguko.

Tuchukue helikopta ya watu wawili yenye injini ya nguvu farasi 150, sawa na kilowati 112, inayozunguka mara 2,700 kwa dakika. Rota kuu ina kipenyo cha mita 7.6 na inazunguka mara 520 kwa dakika, kwa hiyo ncha ya panga inakwenda mita 207 kwa sekunde. Kwenye shafti ya injini, msokoto ni kama niutoni-mita 396. Ukifika kwenye mlingoti wa rota, yaani shafti ya wima inayobeba rota kuu, nguvu ileile imekuwa niutoni-mita 2,055 hivi. Na hizo ni wastani tu. Injini ya silinda nne ya mipigo minne hulipuka mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mapigo 90 kwa sekunde, na kilele cha kila pigo hupita wastani huo kwa mbali. Meno ya gia yanakula kilele, hayali wastani.

Ndiyo maana napendelea mikanda ya V katika hatua ya kwanza. Mkanda ni laini, unameza sehemu kubwa ya mapigo kabla hayajafika kwenye gia. Robinson R22, helikopta ndogo ya watu wawili, imepangwa hivyo: injini inawashwa mikanda ikiwa imelegea, kisha mota ndogo ya umeme inasukuma puli ya juu hadi mikanda ikaze, na baada ya hapo giaboksi yenye meno 11 kwa 47 inashusha mizunguko. Ukiiga mpangilio huo, zingatia ulinganifu wa puli. Puli zikipishana hata kidogo, mkanda hupanda ukingo wa mfereji wake, hujipindua au huruka kabisa. Pima ulinganifu mikanda ikiwa imekazwa, kwa sababu mkazo wenyewe huvuta fremu na kuhamisha puli.

Kuna kosa moja la mpangilio linaloweza kuua: mahali pa friwili. Friwili ni klachi ya upande mmoja inayoiacha rota iendelee kuzunguka injini ikizimika. Ni lazima ikae kabla ya mahali ambapo shafti ya mkia, inayozungusha rota ndogo ya mkia, inachukua nguvu yake. Ukiiweka baada ya hapo, injini ikifa rota kuu itaendelea kuzunguka, lakini rota ya mkia itasimama, na rubani atapoteza usukani wa mwelekeo wakati anauhitaji kutua. Mahali pazuri ni ndani ya kitovu cha puli ya juu. Hapo rota haivuti mikanda wala injini iliyokufa, na mzunguko wake haupotei bure.

Sasa difu ya gari, yaani gia za ekseli, kutumika kama giaboksi ya rota. Inavutia, najua. Difu yenye meno 41 kwa 8 inashusha mara 5.125, na sisi tunataka 5.19 (2,700 kwa 520). Inapatikana kwa bei nafuu kwa wauza spea. Lakini gari likiwa barabara kuu halitumii nguvu yote ya injini. Helikopta ikielea inatumia sehemu kubwa ya nguvu yake, dakika baada ya dakika. Gia za difu husuguana kwa kuteleza, na zikipoteza asilimia 4 tu ya kilowati 112, ni joto la kilowati 4.5 ndani ya kasha dogo. Ukilisimamisha kasha wima, oili inakaa chini na beringi ya juu inabaki kavu. Isitoshe, meno yametengenezwa yabebe mzigo mkubwa upande mmoja. Ukigeuza mwelekeo wa mzunguko unabebesha upande dhaifu. Anayeing'ang'ania difu aweke pampu ya oili, kipoza oili na kipimajoto. Zaidi ya hayo, mlingoti uwe na beringi zake zinazobeba uzito wote wa helikopta, ili mnyanyuo wa rota usipite kabisa ndani ya difu.

Shafti ya mkia ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Kila shafti ndefu ina kasi ambayo ikiifikia hujipinda katikati na kuzunguka kama kamba ya kuruka, kisha huvunja beringi au mkia wenyewe. Bomba la aluminiamu la kipenyo cha milimita 38 lenye ukuta wa milimita 1.65, likishikwa na beringi kila mita 1.5, hufikia kasi hiyo kwenye mizunguko 2,700 hivi kwa dakika. Hiyo ni kasi ileile ya injini yetu! Sogeza beringi ziwe kila mita 1, na kasi hiyo inapanda hadi karibu 6,100. Kubadilisha aluminiamu kuwa chuma hakusaidii, kwa kuwa chuma ni kigumu zaidi lakini ni kizito kwa uwiano karibu uleule. Kinachosaidia ni kipenyo kikubwa zaidi au urefu mfupi kati ya beringi.

Kwenye kitovu cha rota, panga la kilo 12 ambalo kitovu chake cha uzito kiko mita 1.9 kutoka katikati huvuta nje kwa niutoni 67,600, karibu tani saba. Mvuto huo ni wa kudumu. Juu yake kuna kupinda kunakojirudia mara 31,200 kwa saa. Ufa wa uchovu, yaani unaotokana na kupinda huko kunakojirudia, huanzia kwenye mkwaruzo, tundu lililotobolewa ovyo au kona kali. Kwa hiyo toboa tundu la bolti dogo kidogo kuliko kipimo, kisha limalizie kwa rima, kifaa cha kupanua na kulainisha tundu hadi kipimo kamili. Chagua bolti ambayo sehemu yake laini, si nyuzi, ndiyo inayobeba mzigo. Kila badiliko la kipenyo kwenye mlingoti liwe na mviringo, na usichomelee kitu chochote kwenye mlingoti. Joto la kuchomelea hubadilisha chuma pembeni ya mshono, na hapo ndipo ufa utakapotokea.

Kabla ya kuruka, zungusha mfumo mzima helikopta ikiwa imefungwa chini kwa minyororo, na mtu yeyote asisimame kwenye usawa wa mapanga. Chora mstari wa rangi kutoka kila nati hadi kwenye kipande kilicho chini yake, ili ikilegea uone mstari umekatika. Weka plagi ya sumaku, inayonasa chembe za chuma kwenye oili, chini ya giaboksi na uifungue mara kwa mara katika saa za mwanzo. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida kwa gia mpya. Ukikuta vipande bapa vinavyong'aa, meno au beringi zimeanza kubanduka, na giaboksi hiyo inafunguliwa yote kabla rota haijazungushwa tena.